Kalamu Iliyopitia Bukoba: Barbara Kimenye na Wasomaji wa Afrika Mashariki



Mhadhara huu unamhusu mwandishi ambaye vitabu vilivyompa jina hakuviandika kwa Kiswahili. Najua kwamba jambo hilo peke yake laweza kumfanya msikilizaji aulize amefuata nini hapa, katika mfululizo wa mihadhara ya taaluma za Kiswahili. Barbara Kimenye alizaliwa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 19 Desemba 1929, akafariki London tarehe 12 Agosti 2012. Katikati ya tarehe hizo aliishi Bukoba, Kampala na Nairobi, akafanya kazi ya magazeti, na akaandika vitabu zaidi ya hamsini, vingi vikiwa vya watoto na vijana. Taarifa zilizotolewa alipofariki zilieleza kwamba vitabu hivyo viliuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Kwa eneo ambalo wachapishaji hawaishi kulalamika kwamba watu wake hawasomi, idadi hiyo inatosha kutusimamisha.

Hoja yangu ni kwamba tumeipanga historia ya uandishi na ya vyombo vya habari katika Afrika Mashariki kwa kufuata lugha za waandishi, na kwa kufanya hivyo tumewapoteza wasomaji, ambao wao hawakujipanga hivyo. Kijana aliyesoma gazeti la Kiswahili asubuhi ndiye yule yule aliyefungua kitabu cha Kiingereza mchana, na jioni akamsomea bibi yake barua iliyoandikwa kwa lugha ya nyumbani. Sisi tukamgawa vipande vitatu, kila idara ya chuo ikachukua chake.

Iko pia sababu ya uenyeji, na sioni haja ya kuificha. Mimi ni mtu wa Ihembe, katika nyanda za juu za Karagwe, nchi ambayo tangu mwaka 2012 imegawanyika kuwa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Kwa Kinyambo, na kwa Kihaya vilevile, neno ihembe maana yake ni pembe. Mwanafunzi yeyote wa isimu ya Kibantu anaweza kuona uhusiano wake na pembe ya Kiswahili: kile kilichobaki /p/ katika Kiswahili kimelegea kikawa /h/ kwetu, na ukivuka Kagera hadi Buganda utakuta ejjembe, ambayo wingi wake ni amayembe. Na pembe, kabla ya kuwa jina la mahali, ilikuwa chombo cha habari. Watu wa pwani walipiga mbiu ya mgambo, watu wa bara wakapuliza za kwao, na kila aliyesikia alijua kwamba kuna jambo. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kuihesabu historia ya habari kuanzia mtambo wa chapa, kana kwamba kabla yake palikuwa na ukimya.

Jambo la pili ambalo Karagwe inatufundisha ni kwamba mipaka ya lugha katika nchi za Maziwa Makuu si ya asili. Wafanyabiashara kutoka pwani, Waswahili na Waarabu, walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya wafalme wa Karagwe. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alifika Buganda mnamo 1844 kwa njia hiyo. Speke alipompata Mukama Rumanyika mwaka 1861, alikuwa akifuata nyayo zilizokwisha kukanyagwa na watu wenye kusema Kiswahili. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilipita kwetu kwenda Buganda. Kwamba miaka mia moja baadaye Kampala na Bukoba zilionekana kuwa dunia mbili za lugha ni matokeo ya maamuzi ya watu, tena watu wa ofisini. Nitayarudia maamuzi hayo hapo mbele, kwa kuwa bila hayo haieleweki kwa nini mwanamke huyu hatumhesabu.

Kutoka Halifax hadi Ziwa Viktoria

Baba yake Barbara alikuwa daktari kutoka visiwa vya Karibiani. Mtoto alikulia Yorkshire, katika Uingereza ambayo watu weusi walikuwa wachache mno nje ya miji ya bandari, akasoma sekondari ya wasichana, kisha akaenda London kujifunza uuguzi. Huko ndiko alikokutana na Bill Kimenye, mtoto wa chifu kutoka Bukoba, katika Tanganyika ya wakati huo. Walioana, na katikati ya miaka ya 1950 wakahamia kwao mume, kando ya Ziwa Viktoria.

Tuitazame Bukoba aliyofikia. Ulikuwa mji wa kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima kilikuwa kimeundwa mwaka 1950, na bei ya kahawa katika miaka iliyofuata iliwawezesha wazazi wengi kusomesha watoto, kujenga nyumba za mabati na kununua baiskeli. Machifu walikuwa bado na enzi yao. Wakati wa kuondolewa kwao haukufika ila baada ya Uhuru. Kanisa Katoliki, ambalo wamisionari wake walikuwa wamefika Kashozi tangu 1892, lilikuwa na shule nyingi na wasomaji wengi, na gazeti lake la Rumuli, yaani mwenge, lilitoka kwa lugha ya watu wa hapo. Mambo Leo, jarida la serikali lililoanza Dar es Salaam Januari 1923, lilikuwa limekwisha kulea vizazi viwili vya wasomaji wa Kiswahili. Kwa hiyo mgeni huyu hakuja penye watu wasiojua kusoma. Alikuja penye wasomaji wa lugha mbili tatu, waliokosa maandishi ya kutosha katika kila moja.

Lugha yetu ina maneno kadhaa kwa mtu wa namna yake. Yuko mgeni, ambaye anatarajiwa kuondoka. Yuko mhamiaji, neno la ofisi na la fomu. Na yuko mlowezi, kutokana na kulowea, yaani kukaa mahali mpaka pakawa pako. Ni neno zuri lililoharibiwa na historia: wakati wa ukoloni lilifinywa likawa jina la mzungu mwenye shamba, na hata leo halijapona. Ningependa kulirejesha kwenye maana yake ya mwanzo, maana sioni jingine linalomfaa zaidi mwanamke aliyekuja kwa ndoa, akabaki katika eneo hili baada ya ndoa hiyo kuvunjika.

Maana ndoa ilivunjika. Barbara akavuka mpaka kwenda Kampala pamoja na wanawe wawili wadogo. Hapa inatupasa kukumbuka kwamba njia hiyo ya kutoka Bukoba ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wanawake wengi wa Kihaya. Tangu kati ya vita viwili vya dunia, wanawake walioachika, au waliokataa kubaki katika ndoa zisizowafaa, walikwenda Kampala na Nairobi kutafuta maisha, na wazee na machifu wa nyumbani walijaribu mara kadhaa kuwazuia wasisafiri. Luise White, katika utafiti wake kuhusu Nairobi uliochapishwa 1990, ameonyesha jinsi baadhi yao walivyofanya biashara na kurudisha fedha nyumbani kujenga na kununua mashamba. Wahubiri waliwalaani, wanahistoria wamewaelewa zaidi. Barbara alikuwa na elimu na pasi ya kusafiria ambavyo wao hawakuwa navyo, wala sitaki kuzilinganisha hali zao kupita kiasi. Ila njia ilikuwa moja, na sababu ya kuishika haikuwa mbali.

Ikulu ya Kabaka na chumba cha habari

Kabaka Mutesa wa Pili alikuwa amerudi kutoka uhamishoni Uingereza Oktoba 1955, na Mengo ilikuwa inachemka siasa. Wengi wa vijana wa Uganda ambao Barbara alikuwa amefahamiana nao London walikuwa wamerudi kwao na kushika nafasi. Yeye akapata kazi ya katibu katika serikali ya Kabaka, na kwa kazi hiyo akaishi karibu kabisa na kitovu cha utawala wa Buganda. Baadaye aliingia katika uandishi wa habari, katika gazeti la Uganda Nation, na mwaka 1965 akahamia Nairobi kuandikia Daily Nation, na hatimaye East African Standard.

Mwaka huo wa kuhama una uzito wake. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Obote liliivamia ikulu ya Mengo, Kabaka akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Ulimwengu aliouona Barbara kutoka ndani ulikwisha mara tu baada ya yeye kuondoka. Na ndio ulimwengu aliokuwa ameanza kuuandika: Kalasanda ilitolewa na Oxford University Press mwaka 1965, na Kalasanda Revisited mwaka uliofuata.

Kalasanda ni kijiji cha kubuni cha Buganda. Hakuna vita ndani yake, wala mkoloni anayechapwa, wala kijana anayerudi kutoka Ulaya akiwa amechanganyikiwa. Hilo lilimponza mbele ya wahakiki, ambao katika miaka ile walitaka kila hadithi ya Kiafrika ibebe mgogoro wa tamaduni kichwani kama ndoo ya maji. Yeye aliandika habari za majirani, umbeya, mapenzi ya wazee na wivu wa wake za wakubwa. Hadithi yake inayojulikana zaidi inamhusu mzee Pius anayeshinda fedha za bahati nasibu ya mpira. Kufumba na kufumbua nyumba yake inajaa ndugu asiowajua, waandishi wa habari wanamjia na maswali yao, na rafiki yake Salongo, mlinzi wa kaburi la mtu mkuu wa ukoo wa kifalme, anaona kwamba hii ndiyo nafasi ya kupata paa jipya la kaburi. Nimeifundisha hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara wanafunzi hucheka pale pale: pale mzee anapoonekana kuwa mtu pekee asiyejua kwamba amekuwa habari. Mwandishi huyu alikuwa amekaa upande wa pili wa kalamu ya mwanahabari. Alijua chombo cha habari kinavyoingia kijijini, kinatafuta nini, na kijiji nacho kinavyojifunza haraka kukitumia.

Kwa mwanaisimu, Kiingereza cha Kalasanda kinavutia kwa sababu hakijisumbui. Gombolola inabaki gombolola. Salongo, ambalo kwa Waganda ni jina la heshima la baba wa mapacha, halipewi tafsiri ndefu. Mwandishi anamwamini msomaji wake kuwa mtu wa hapa, na yule asiye wa hapa atajua mwenyewe. Waandishi wengi wenye mizizi ya hapa hapa hawakuthubutu kufanya hivyo katika miaka ile. Walikuwa wakimwandikia mhariri wa London.

Moses na biashara ya kusoma

Mwaka 1967 kikatoka kitabu chembamba kiitwacho Moses, nacho kikafuatwa na vingine vingi vya mvulana huyo huyo. Moses ni mwanafunzi wa bweni katika shule ambayo jina lake refu linajisifu kuwa ni taasisi ya wana wa waungwana wa Kiafrika, chini ya mwenye shule aitwaye Mukibi. Kwa kweli ni shule ya wavulana waliofukuzwa au kukataliwa kwingine. Chakula ni kibaya, majengo ni ya kusikitisha, na Moses na rafiki yake King Kong hawapitishi juma bila kuingia matatani.

Aina hii ya hadithi ilitoka Uingereza, ambako watoto walikuwa wamesoma visa vya shule za bweni kwa miongo mingi. Walioagiza vitabu hivyo kwa ajili ya shule zetu walileta pia theluji, mchezo wa kriketi na keki za saa kumi. Kimenye alichukua umbo akaacha theluji. Na kilichoingia mahali pake hakikuwa mapambo ya Kiafrika bali uchumi halisi wa elimu ya wakati ule: nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno kwa idadi ya waliomaliza shule ya msingi, shule za watu binafsi zikafumuka kama uyoga, Kenya zikaenea shule za harambee, na kila mzazi alikuwa tayari kuuza ng'ombe ili mwanawe asibaki nyumbani. Mukibi ni mtu aliyeliona pengo hilo, akalifanyia biashara. Kicheko cha vitabu vile kina ukali ambao watoto huuhisi kabla hawajaweza kuueleza.

Hapa ndipo ninapopata ujasiri wa kumwita Barbara Kimenye mjasiriamali, neno ambalo limeenea sana katika miaka hii ya karibuni. Limeundwa kwa jasiri na mali, na kwa hiyo linamdai mtu awe na mali ya kuhatarisha. Yeye hakuwa na mtambo wa chapa, hakuanzisha kampuni ya gazeti, wala hakumiliki kituo cha redio. Alikuwa mama aliyelea watoto kwa mshahara wa mwandishi wa habari na malipo ya vitabu. Lakini kama kazi ya mjasiriamali ni kuwaona wanunuzi ambao wengine hawajawaona, kisha kuwahudumia tena na tena mpaka wakamzoea, basi aliifanya. Wachapishaji wa Nairobi na Kampala walikuwa na mteja mmoja mkubwa, nayo ni wizara ya elimu. Yeye alimwandikia mtoto ambaye angekisoma kitabu chini ya dawati wakati mwalimu anafundisha kingine. Wahusika wale wale, kurasa chache, hadithi mpya kila baada ya muda: hiyo ni kanuni ya gazeti, na aliijua kutoka kazini. Nao mfululizo huo ulivuka mipaka ya nchi tatu, ukaendelea kuvuka hata baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa.

Lugha na uanachama

Sasa niseme kwa nini hayumo katika historia yetu. Mwaka 1967, mwaka wa Moses, ndio mwaka Tanzania ilipotangaza Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Ulikuwa uamuzi mkubwa, na mimi ni mmoja wa waliokula matunda yake. Lakini tukumbuke hali ya rafu za vitabu. Kiswahili kilikuwa na Shaaban Robert, aliyefariki 1962, na kwa wapenzi wa upelelezi kilikuwa na Muhammed Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilitoka 1960, na Faraji Katalambulla, ambaye Simu ya Kifo ilitoka 1965, mwaka ule ule wa Kalasanda. Mtu mzima aliweza kusoma kwa furaha. Mtoto wa miaka kumi na miwili alipewa ngano za sungura na fisi, ambazo alikwisha kuzisikia kwa bibi, na vitabu vya kilimo bora. Kicheko cha shuleni, utundu usio na adhabu iliyofundisha adili, alikipata kwa Kiingereza. Mradi wa vitabu vya watoto wa kuziba pengo hilo Tanzania ulianza mwaka 1991 tu. Kwa karibu robo karne tuliiachia lugha nyingine kazi ya kuwafanya watoto wetu wapende kusoma, kisha tukashangaa walipoona kwamba Kiswahili ni lugha ya mtihani.

Kwa upande wa Uganda mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa mapema zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa akapinga, wamisionari wengi nao wakapinga. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha lugha ambayo Kampala haikuitaka, na mwaka 1952 serikali ya kikoloni ya Uganda ikakiondoa katika orodha ya lugha zinazotambuliwa shuleni. Kimenye alifika Mengo katika hali hiyo. Hapakuwa na gazeti la Kiswahili la kumwajiri, wala msomaji wa Mengo ambaye angelipokea bila kununa.

Na hata hivyo lugha hazitii amri. Kampuni ya Nation, iliyoanza Kenya na gazeti la Kiswahili la Taifa kabla ya Daily Nation kutoka mwezi Oktoba 1960, ilikuwa pia na gazeti la Kiganda, nalo katika miaka ya 1960 liliitwa Taifa Empya. Tazameni jina hilo. Taifa limetoka Kiarabu kupitia Kiswahili. Empya ni mpya yetu sote, iliyotoka kwa bibi mmoja wa Kibantu. Waganda walionuna Kiswahili kikitajwa bungeni walinunua kila siku gazeti lenye jina ambalo Mswahili wa Mombasa angelielewa nusu kwa mkopo na nusu kwa udugu.

Kumlinganisha Kimenye na mtu mmoja tu kutatosha. Erica Fiah alikuwa Mganda, mwanamume licha ya jina, aliyehamia Dar es Salaam na kufungua duka. Mwaka 1934 alianzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika, na mwaka 1937 gazeti la Kiswahili, la kwanza kumilikiwa na Mwafrika Tanganyika. Aliliita Kwetu. Wanafunzi wangu hupenda swali hili: kwetu ya nani? Kiswahili hakina namna ya kutenga sisi inayomjumuisha msikilizaji na sisi inayomwacha nje. Mhamiaji kutoka Buganda akaitumia nafasi hiyo iliyo wazi katika sarufi, akasema kwetu mbele ya wenyeji wa mji, nao wakalinunua. Kila historia ya vyombo vya habari Tanzania humtaja, na ni haki yake.

Fiah alitoka Buganda akaja kwetu. Kimenye alipita kwetu akaenda Buganda. Mmoja aliandika kwa Kiswahili akawa wetu, mwingine aliandika kwa Kiingereza akawa wa idara nyingine. Yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mganda wa Uganda, na vitabu vya marejeo vya fasihi vinamworodhesha hivyo. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na sisi, tuliokubali kwamba uraia wa fasihi hutolewa na lugha peke yake, kisha tukaona Bukoba, mlango alioingilia Afrika, haina la kusema juu yake. Kagera inamkumbuka Barbro Johansson, mwalimu Mswidi aliyefika 1946, akafundisha wasichana Kashasha na kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959, na inafanya vyema kumkumbuka. Yule alibaki upande huu wa mpaka, akapewa jina la Mama. Jina la Kimenye ni la upande huu pia, limeandikwa kwenye majalada zaidi ya hamsini, lakini msomaji akiliona hudhani ni la Kiganda.

Mtanisamehe nikisema kwamba kuna uvivu kidogo katika hili. Ni rahisi kumhesabu mwandishi kwa lugha. Inachosha kumtafuta msomaji. Tukimtafuta, itatulazimu kuuliza ni vitabu gani vilivyokuwa katika maktaba za shule za Karagwe, Bukoba na Muleba katika miaka ya 1970, nani alivileta, na wanafunzi walivisimulia kwa lugha gani walipokuwa bwenini usiku. Nina hakika kwamba hawakuvisimulia kwa Kiingereza. Kitabu kilichosomwa kwa lugha moja na kuchekwa kwa nyingine kina historia mbili, na hiyo ya pili inapotea kadiri waliocheka wanavyozeeka.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1974 Kimenye alihamia London, ambako alifanya kazi katika halmashauri ya Brent, akishughulikia mahusiano ya watu wa asili mbalimbali. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Aliyezaliwa Uingereza sasa alirudi huko kama Mwafrika Mashariki, akawa mshauri wa wageni wengine. Hakuacha kuandika, mwaka 1978 kilitoka kitabu chake cha vijana kiitwacho The Scoop, jina ambalo kila mwanahabari atalitambua.

Baada ya Museveni kushika madaraka mwaka 1986 alirudi Kampala, akakaa miaka michache, akaenda tena Nairobi, na mwaka 1998 akahamia London kwa mara ya mwisho. Uganda yenyewe ilikwisha kubadili msimamo: marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022, miaka kumi baada ya kifo chake, Baraza la Mawaziri likaafiki kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Shule hizo zitahitaji vitabu vya kusoma, na mtaala ukishapitishwa vitabu vya kiada havitakawia. Lakini watoto wa Masaka na wa Mbarara watakaojifunza Kiswahili wakiwa na miaka kumi na miwili watahitaji pia kitabu cha kuficha chini ya dawati, na kwa mtu anayetaka kujua kitabu cha namna hiyo huandikwaje, mahali pazuri pa kuanzia ni rafu ya Kiingereza, herufi K.